Daktari Aliyekuwa Mtoto wa Rika Langu

Mwita aliponiambia tuondoke hospitalini kabla sijavua suruali, nilipaswa kumkatalia. Akili zangu zilikuwa timamu. Nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, nimekuwa karani wa chama cha ushirika kwa miaka, na watu wa kijijini kwetu Susuni walikuwa wakiniletea karatasi zao za hospitali niwasomee. Mwita hakunishika mkono wala hakunivuta. Alisema tu, "Mura, inuka twende," kama sisi wanaume wa Kikurya tunavyoitana, nami nikainuka.

Sasa mimi ni mzee na ugonjwa ule umeshapita. Ulikuwa ni uvimbe wa tezi dume, ule unaoletwa na wadudu wa magonjwa, siyo saratani na siyo ule wa uzeeni ambao tezi inakua polepole. Sitaeleza tezi hiyo inafanya nini mwilini. Daktari atakueleza vizuri kuliko mimi, ukikubali kukaa amalize. Ninaandika kwa ajili ya mwanaume ambaye leo amesimama chooni peke yake, ameegemea ukuta, anasubiri mkojo usiotoka, na hajamwambia mtu. Nilikuwa mtu huyo kwa karibu mwaka mzima.

Ilikuwa miaka ile dhahabu ilipowatoa watu mashambani. Wanaume wa Susuni waliacha ulezi na mihogo mikononi mwa wake zao, wakavuka mto Mara kwenda machimboni upande wa Serengeti. Mimi nilikuwa nimeshapita umri wa kubeba mawe, lakini ushirika ulikuwa umekufa na sikuwa na kazi. Tukajiunga wachache, tukapata duara letu, maana ndivyo machimboni tunavyoliita shimo. Mwenzangu wa karibu alikuwa Mwita. Tulitahiriwa siku moja, tumesimama bega kwa bega bila kupepesa jicho, na kwetu Wakurya mtu wa namna hiyo hutengani naye tena maisha yako yote.

Duara lilikuwa na miiko yake. Mwanamke hasogei. Viatu havivaliwi chini. Na mtu hakojoi ndani, hata tone moja, kwa sababu mkojo unafukuza dhahabu. Kupandishwa kwa kamba kulikuwa kunasimamisha kazi ya wote, kwa hiyo ukishuka asubuhi unabana mpaka jua liegemee. Ili tusisumbuke tulikuwa hatunywi maji. Vijana walishindwa, wakapiga kelele wavutwe juu, wenzao wakawacheka. Mimi nilibana kuliko wote.

"Mzee ana kibofu cha ng'ombe dume!" walikuwa wakisema nikitoka.

Nami nilifurahi. Mtu aliyesoma baiolojia sekondari, nikafurahia sifa ya kubana mkojo. Daktari aliniambia baadaye kwamba kubana peke yake hakuleti ugonjwa, lakini mkojo uliolala muda mrefu ndani ya mtu asiyekunywa maji ni mahali pazuri pa wadudu kuzaana. Basi mimi niliwafugia.

Mwisho wa kiangazi, upepo wa vumbi ukiwa bado unavuma, nilianza kutetemeka. Nikadhani malaria. Kisha mkojo ukaanza kuchoma, halafu ukawa unakuja kidogo kidogo, kila mara, na kila mara kama pilipili. Maumivu yenyewe yalikuwa pale mtu anapokalia kiti cha baiskeli. Sikuweza kukaa juu ya jiwe. Nilikula nimechuchumaa, na watu wakadhani nina haraka.

Mwita ndiye aliyenipandisha kwenye lori la mahindi mpaka Mugumu. Kwa hilo namshukuru hadi leo.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Walikuwapo akina mama waliobeba watoto wenye homa, alikuwapo kijana wa machimbo aliyefunga mkono kwa fulana. Nilikaa kwa upande mmoja, halafu upande wa pili, halafu nikasimama nikijifanya nasoma bango la chanjo. Nesi akaita jina langu. Niliingia chumbani nikiwa nimepanga maneno yangu, nimeyapunguza makali, na aliyeinua uso mezani alikuwa Mseti.

Mseti ni mtoto wa Chacha. Na Chacha ni wa rika letu, tumetahiriwa naye msimu mmoja. Msomaji asiye wa kwetu lazima aelewe hili: watoto wa mtu wa rika langu ni watoto wangu. Mseti hakuwa kama mwanangu, alikuwa mwanangu. Alipooa nilikaa upande wa baba. Na kati ya baba na mtoto kuna ile heshima yenye aibu ndani yake tunayoiita ensoni. Mtoto haingii chumba anacholala baba yake. Hamwoni akioga. Uchi wa baba ukionekana na mtoto wanasema kuna kitu kimeharibika, na wazee hukaa kikao.

"Shikamoo tata," akasema, yaani baba, akasimama.

"Marahaba, mwanangu."

Alinipa kiti. Nikasema nitasimama. Aliuliza maswali kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa. Nilimjibu nusu ya kila swali. Akaangalia mikono yake, akasema, "Tata, ninadhani ni tezi. Ili nijue lazima niipime. Inapimwa kwa nyuma, kwa kidole. Nitavaa glavu, nitaenda taratibu. Ni dakika moja tu."

Nilisikia masikio yangu yakipata moto.

"Hakuna daktari mwingine?"

"Mwenzangu yuko Musoma, atarudi juma lijalo. Lakini hali hii haiwezi kungoja." Alinipa kichupa. "Basi nenda nje kwanza, upumue. Niletee mkojo kwenye hiki. Ukirudi tutazungumza. Nitaanza na dawa hata kama hutaki kipimo leo."

Ona alivyonirahisishia. Alifungua mlango mdogo ndani ya mlango mkubwa, na mimi nilipita nje.

Mwita alikuwa anakula karanga. "Vipi?"

"Daktari ni Mseti wa Chacha."

"Basi vizuri! Mtoto wetu, hutapanga foleni."

Nikamnong'oneza kinachotakiwa. Karanga zikabaki mkononi mwake.

"Akutie nini?"

"Punguza sauti."

"Mtoto wa Chacha? Mura, haiwezekani. Wewe umsimamie mahari, halafu ulale umempa mgongo kama ng'ombe anayepimwa mimba? Siku ya kikao utakaa wapi? Utamwangaliaje Chacha?" Aliangalia mlango kana kwamba Mseti angetoka kutukimbiza. "Kule kambini kuna yule wa sindano. Hakuulizi baba wala mtoto. Mura, inuka twende."

Nikakiweka kichupa juu ya benchi, kitupu, nikakifunga vizuri kifuniko chake. Tukatoka.

Yule wa sindano tulimwita Sindano, jina lake silijui. Alikuwa na begi na chupa za kila namna. Hakunipima chochote. Alinichoma jioni, siku chache mfululizo, na akanipa vidonge vya rangi mbili. Homa ikashuka. Kuchoma kukapungua. Mwita alipiga makofi. "Umeona? Na suruali yako unayo!" Tulicheka sote wawili. Vidonge vilivyobaki nilimpa kijana mmoja aliyekuwa anaumwa jino.

Mvua za vuli ziliponyesha, maumivu yalirudi. Safari hii hayakuja na homa. Yalikuja kimya kama mdai asiye na haraka. Mkojo ulikuwa unakatika katikati, nasubiri, unaendelea, unakatika. Kiuno kilikuwa kizito. Nikarudi kwa Sindano, akanichoma tena, nikapata nafuu, nikaacha dawa, yakarudi. Ndivyo ilivyoenda hadi Krismasi, na kila yaliporudi yalichukua muda zaidi kuondoka. Nimeambiwa baadaye kwamba dawa za tezi hunywewa kwa majuma mengi, maana dawa haiingii pale kwa urahisi. Sindano hakunijulisha hilo. Mseti angenijulisha.

Krismasi nikaenda nyumbani Susuni. Mke wangu, Bhoke, alikuwa amechinja kuku na kupika ugali wa mtama niupendao. Bhoke ni wa Nyambureti, ng'ambo ya mto Mara, upande wa Mugumu. Nilimwoa akiwa binti mwenye maneno machache na mkono wa kazi, na tulikuwa tumezaa naye watoto wetu wote, wa kwanza akiwa Ghati, ambaye wakati huo alikuwa ameshaolewa. Tulikuwa tunapatana. Sisemi hivyo kwa sababu mambo yaliharibika. Tulikuwa tunapatana kweli, tulikuwa tunacheka kitandani kama vijana.

Sasa nitasema jambo ambalo wanaume hawaliandiki. Ugonjwa ule unauma pia wakati wa tendo la ndoa, mwishoni kabisa, kama kisu. Ukishaumwa mara moja, mwili unakataa wenyewe kabla hujakataa wewe. Nilianza kulala nimegeukia ukuta. Nilisema nimechoka. Nilisema mgongo. Nilikuwa naamka kwenda nje mara nyingi hata mbwa wakaacha kunibwekea, na nikirudi nilijua Bhoke yuko macho.

Alivumilia mpaka mvua kubwa za masika, duara lilipojaa maji na mimi nikawa nipo nyumbani tu. Siku moja tulikuwa tunapalilia ulezi, yeye mstari wake na mimi wangu. Alisimama, akaegemea jembe.

"Baba Ghati, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi mimi ndiye nimekukinai?"

"Maneno gani hayo, Mama Ghati?"

"Una mwanamke kambini?"

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa kweli: naumwa sehemu za siri, nilikwenda hospitali, mtoto wa Chacha alitaka kunipima kwa nyuma, nikakimbia. Nilijaribu kulipandisha mpaka kooni. Kwa wanaume wa rika langu, kuwa na mwanamke kambini ni jambo la kuchekea kwenye pombe. Kuvuliwa suruali na mtoto ni jambo la kuhama kijiji. Nilimwangalia mke wangu aliyenizalia, nikapima aibu mbili kama mtu anayepima dhahabu kwenye mizani, nikachagua ile iliyokuwa nyepesi kwangu mimi.

"Ndiyo," nikasema. "Yupo."

Hakulia. Aliinama akamaliza mstari wake wa ulezi mpaka mwisho, akachukua jembe lake na la kwangu, akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo alihamia kwenye nyumba ya watoto. Chakula alileta, akakiweka, akaondoka. Masika yalipokwisha kaka yake mkubwa, Wambura, alikuja kumchukua, na yeye akaondoka na mtoto wa mwisho na kile kijisanduku chake cha nguo. Wambura aliniambia neno moja tu: "Shemeji, ukimaliza na huyo wa kambini, unajua kwetu."

Kumbe hata hapo nilikuwa na nafasi. Tarime ni karibu na Susuni, na hospitali ipo. Nilikwenda. Nilipoulizwa naumwa nini, nikasema malaria. Wakanipa dawa za malaria nikazinywa zote, nikamaliza dozi kwa uaminifu mkubwa, dozi ya ugonjwa ambao sikuwa nao.

Ilipofika miezi ya baridi nilishindwa kukaa peke yangu. Nikamwomba Mwita awe msemaji wangu, twende Nyambureti kumwomba mke wangu arudi. Njia ni ndefu na gari lilikuwa linaruka mashimo. Kila shimo nililihisi pale pale. Tulipofika kwa wakwe nilikuwa natoka jasho licha ya baridi.

Walitupokea kwa heshima. Tulikaa uani, kaka zake upande mmoja, mimi na Mwita upande mwingine, na mama mkwe wangu yuko ndani ya nyumba yake, kama inavyotakiwa, maana kati ya mkwe na mama mkwe kuna umbali usiovukwa. Mwita akaanza kusema vizuri, jinsi wanaume wanavyopotea machimboni na kurudi. Wakati anaendelea nikaomba ruhusa, nikaenda nyuma ya zizi. Mkojo haukutoka. Nikasubiri. Haukutoka hata tone. Nikarudi, nikakaa, nikaomba tena ruhusa. Mara ya tatu Wambura akasema, "Msemaji wako anaongea na sisi, na mwenye shida anaongea na zizi?" Vijana wakacheka.

Mara ya nne sikurudi. Tumbo la chini lilikuwa limevimba kama kibuyu. Nilianguka pale nyuma ya zizi nikiwa nimeshika suruali yangu isiyofungwa, na nikapiga kelele. Mimi niliyetahiriwa bila kupepesa jicho, nilipiga kelele uani kwa wakwe, na wa kwanza kunifikia, kwa kuwa mlango wake ulikuwa karibu, alikuwa mama mkwe wangu.

Aliniona. Aligeuza uso haraka, akavua khanga aliyojitanda mabegani, akanirushia bila kuangalia. "Wambura!" akaita. "Mtoto wa watu anakufa huku! Acheni kikao!"

Ile ensoni niliyoilinda Mugumu kwa kukimbia, iliniishia pale kwenye samadi.

Walinibeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani. Mwarabu mmoja, ndivyo walivyomwita, mfanyabiashara wa Mugumu mwenye pikapu, alishusha magunia yake kando ya barabara ili nilale. Bhoke alipanda nyuma pamoja nami. Hakunisemesha. Alinishika kichwa kisigonge.

Na daktari wa zamu alikuwa Mseti.

Hakuuliza kilichonitoa kwenye benchi mwaka uliopita. Alisema tu, "Tata, niruhusu," nami nikasema, "Fanya." Nesi mmoja mwanamume alinishika mabega. Mseti akajaribu kupitisha mpira wa mkojo, tezi ikakataa, akaniacha, akamwita yule mwenzake mkubwa, na wakatoboa chini ya kitovu wakapitishia mpira hapo. Mkojo ulipotoka nilisikia ukigonga chombo, nikalia kwa raha. Sijawahi kupata raha kama ile, hata siku ya kuoa. Baadaye wakanipima kile kipimo nilichokikimbia. Kilikuwa dakika moja kweli. Wakakuta jipu ndani ya tezi, wakalitoboa siku iliyofuata, na wodi yote ikajua kwa harufu.

Nililazwa kwa muda mrefu. Nilipoingia watu walikuwa wamejifunika mablanketi ya baridi. Nilipotoka wakulima walikuwa wanachoma mashamba. Katika siku hizo mbaya kulikuwa na wema mdogo mdogo ninaoukumbuka kuliko maumivu. Kulikuwa na fundi cherehani wa sokoni, Mzee Saidi, asili yake pwani, aliyekuwa analetea uji ndugu yake wa kitanda cha pili. Aliona nakula nimesimama. Kesho yake akaja na mto alioujaza pamba, wenye tundu katikati. "Kalia hapa, bwana mkubwa. Mimi nimekaa kitako miaka yote, najua thamani yake." Hakutaka malipo. Nikakaa. Nilikula ugali nimekaa kama binadamu.

Chacha alikuja kuniona. Nilipomwona mlangoni nilivuta shuka mpaka kidevuni. Mwita alikuwa ameshamweleza yote, naye alikuja akiwa amekunja uso.

"Nasikia ulimkimbia mwanangu."

"Chacha, wewe unajua. Yule ni mtoto wetu. Ningefanyaje?"

"Ungeniuliza."

"Nikuulize nini?"

Akavuta kiti karibu. "Mimi baba yake mzazi nimevua mbele yake. Mwaka juzi, sababu ya ngiri. Nilikwenda kwa wazee kwanza, nikawaambia, wakajadili, wakasema kijana akivaa lile koti jeupe yuko kazini, si mtoto wa mtu mpaka alivue. Yakaisha. Hata mbuzi wa faini hawakutaka." Akanitazama. "Mimi niliyemzaa nimevua. Wewe baba wa rika tu, makalio yako yana nini cha pekee?"

Mwita, aliyekuwa dirishani, alianza kucheka akashindwa kuacha. Nami nikacheka, na mshono ukauma. Bhoke alikuwa amekaa chini karibu na kitanda, anachambua mchele kwenye ungo. Yeye hakucheka. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya mchele.

Wageni walipoondoka Mseti alipita kuangalia mpira. Bhoke akamuuliza, akiangalia pembeni kwa heshima, "Mwanangu, ugonjwa huu ameupata kwa wale wanawake wa kambini?"

"Hapana, mama. Wapo wanaoupata kwa njia hiyo, ndiyo maana tulipima. Tata hana kisonono wala chochote cha namna hiyo. Ni wadudu wa mkojo tu. Angebaki siku ile alipokuja kabla ya mvua, angekunywa vidonge akaendelea na kazi zake."

"Alikuja hapa? Kabla ya mvua?"

Mseti akaniangalia, akaona amesema kitu, akaondoka na chombo chake.

Bhoke alimaliza kuchambua mchele kwanza. Huyo ndiye Bhoke. Kisha akasema, "Hakuna mwanamke."

"Hakuna. Hajawahi kuwepo. Mama Ghati, nilidanganya. Niliona aibu kukuambia." Nilidhani nampa habari njema. Nilikuwa hata natabasamu, Mungu anisamehe.

"Mwanamke ningemsamehe," akasema. "Nilishaanza. Nilikaa kwa kaka zangu nikajiambia, wanaume wako hivyo, atachoka, atarudi. Nilikuwa nimeshamzoea huyo mwanamke, nimempa hata sura. Kumbe ulisimama kwenye shamba langu la ulezi, ukaniangalia usoni, ukaona afadhali mimi nife moyo kuliko Chacha akucheke."

"Si hivyo."

"Ni hivyo. Na Chacha hata hakukucheka vibaya."

Alinitunza mpaka mwisho. Alinigeuza, alinifulia, alinipa maji kikombe baada ya kikombe kwa sababu daktari alisema ninywe mpaka mkojo uwe mweupe. Alihesabu vidonge vyangu asubuhi na jioni na hakuniruhusu kuruka hata kimoja. Siku walipotoa mpira nikakojoa mwenyewe, polepole, bila kukatika, alisimama nje ya mlango wa choo akasikiliza. Nilipotoka alisema, "Umepona." Akafunga vitu vyangu kwenye khanga, akanikabidhi kwa Mwita, na yeye akaelekea zinakopita gari za kwenda Nyambureti.

Nilipeleka wazee mara kadhaa miaka iliyofuata. Wambura aliwapokea vizuri, akawapa uji wa ulezi, akawaambia dada yake ameshasema.

Dawa nilizinywa majuma mengi, mpaka mvua zikaanza tena, na ugonjwa haukurudi. Duarani sikurudi. Vijana walio machimboni sasa nawaambia kinachowezekana kuambiwa: kunyweni maji, pandeni juu mkakojoe, dhahabu haijui harufu ya mtu. Mkojo ukichoma na mwili ukitetemeka, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na msikubali sindano ya mtu asiyepima. Dawa mliyopewa imalizeni hata kama maumivu yameisha. Daktari akisema anataka kupima kwa kidole, laleni kwa ubavu, kunjeni magoti, vuteni pumzi. Kama daktari ni mtoto wenu, waulizeni wazee wenu kwanza. Watawajibu haraka kuliko mnavyofikiri. Na mke wako mwambie siku hiyo hiyo. Huenda akalia, huenda akacheka, lakini atakuwa anajua yuko na nani.

Wanaume wengine wananiuliza kama nguvu zangu zilirudi. Zilirudi kiasi. Sikupata wa kumwonyesha, wala sikumtafuta.

Bhoke alifariki huko Nyambureti, miaka ya karibuni, kwa ugonjwa wa moyo. Ghati ndiye aliyeniletea habari. Kwetu mke huzikwa kwenye boma la mumewe, na nilikuwa nimeshachagua mahali, upande wa shamba la ulezi. Kaka zake walinisikiliza, wakasema aliacha neno kwamba azikwe kwao. Nilikaa msibani nyuma, pamoja na majirani.

Kuondoka hospitalini siku ile hakukunigharimu uhai wangu, wala tezi yangu, kwa sababu mtoto wa Chacha aliviokoa vyote viwili. Kulinigharimu Bhoke. Hakuishi tena nyumbani kwangu, na hayumo kwenye makaburi ya nyumbani kwangu.